Kioo cheusi si ugonjwa wa TV: wauzaji waseme ni kufuli gani lililomo ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapotezea fedha wakazi wengi wa Dar es Salaam bila wao kujua chanzo chake. Mtu ananunua televisheni Kariakoo, anaifikisha Mbagala au Kimara, anachomeka king'amuzi au TV boksi. Menyu inatokea vizuri, matangazo yanapita, sauti ipo. Anapobonyeza filamu aliyoilipia, kioo kinakuwa cheusi. Wakati mwingine sauti inaendelea bila picha. Wakati mwingine picha inakuja kidogo, inapotea, inarudi, inapotea. Akirudi dukani anaambiwa waya ni mbovu. Ananunua waya wa bei kubwa zaidi, hali ni ileile. Anaipeleka TV kwa fundi, na fundi anafungua mfuniko wa nyuma na kuanza kuchokonoa bodi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mara nyingi hapo hakuna kilichoungua. Kifaa kimoja kimekataa kukiamini kingine, basi. Na kwa kuwa hakuna aliyemweleza mnunuzi kwamba vifaa hivi huulizana kabla ya kuonyesha picha, anaishia kununua vitu asivyovihitaji.

Kufuli lenyewe linaitwa HDCP. Lilibuniwa na kampuni ya Intel ya Marekani, toleo la kwanza likatoka mwaka 2000. Kazi yake ni kuzuia picha safi ya kidijitali isidakwe njiani, kati ya king'amuzi na televisheni, ikarekodiwa. Kila kifaa chenye leseni hutoka kiwandani na funguo zake za siri. Katika matoleo ya kwanza funguo hizo ni 40, kila mmoja una tarakimu 56 za moja na sifuri, pamoja na namba ya utambulisho yenye tarakimu 40 ambazo lazima 20 ziwe moja na 20 ziwe sifuri. Ukichomeka waya wa HDMI, king'amuzi kinapiga hodi. Kinatuma namba yake, TV inajibu kwa namba yake, kila upande unapiga hesabu kwa funguo zake, na majibu yakilingana ndipo TV inakaribishwa kuona picha. Hodi hiyo haiishii mlangoni. Hesabu inarudiwa kila baada ya fremu 128 (picha moja moja zinazounda video), yaani kila sekunde mbili hadi mbili na nusu hivi. Ndiyo maana waya uliolegea hauleti picha mbaya ya kawaida, unaleta picha inayokatika na kurudi kwa mwendo mmoja kama mtu anayepepesa macho. Na hesabu zikigongana kabisa, king'amuzi hukata picha au TV hujaa chenga za rangirangi.

Toleo linalosumbua zaidi sasa ni 2.2, la mwaka 2013, lililokuja kwa ajili ya picha za 4K, zile za nukta 3840 kwa 2160. Hili linatumia usimbaji mwingine kabisa, na limeongezewa kipimo cha umbali: jibu la TV lazima lirudi ndani ya milisekunde 20, ili mtu asiirefushe hodi hiyo kwa intaneti hadi nyumba nyingine. Toleo hili limo ndani ya chipu. TV yenye toleo la zamani la 1.4 haigeuki kuwa 2.2 kwa kusasisha programu, hata muuzaji akuapie.

Sasa, filamu ya 4K kutoka Netflix au kwenye diski ya Ultra HD Blu-ray inadai 2.2 katika kila kifaa kilichopo njiani: kinachotoa picha, kilichopo katikati kama vile amplifaya au sabufa yenye HDMI, na TV yenyewe. Kimoja kikiwa cha zamani, picha inashushwa hadi mistari 1080 au inakatwa kabisa. Wengi wanaojenga sebule zao kidogo kidogo wanakwama hapa. TV ni mpya, boksi ni jipya, lakini katikati kuna mashine ya muziki, yaani hiyo amplifaya au sabufa, ya miaka kumi iliyopita ambayo HDMI yake haijui kitu kinachoitwa 2.2. Tiba haihitaji shilingi: chomeka boksi moja kwa moja kwenye TV, kisha toa sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye muziki kwa tundu la HDMI lililoandikwa ARC au kwa waya wa mwanga.

Jambo la pili ambalo dukani halisemwi ni kwamba matundu ya HDMI kwenye TV moja hayafanani. Kwenye TV za 4K za mwanzo, zile za mwaka 2013 hadi 2015 ambazo sasa zinaingia nchini kama mtumba, unaweza kukuta matundu manne na ni moja au mawili tu yenye 2.2. Soma maandishi madogo pembeni ya tundu. Zaidi ya hapo, TV nyingi zinafungiwa kiwandani zisipokee 4K kamili mpaka uruhusu kwenye menyu, na kila tundu linaruhusiwa peke yake. Samsung wanaliita HDMI UHD Color, na kwenye TV zao za karibuni Input Signal Plus. LG wanaliita HDMI ULTRA HD Deep Colour. Sony wanaliweka chini ya HDMI signal format. Tafuta neno hilo kabla hujatoa hata shilingi moja ya waya.

Na kuhusu waya niseme wazi, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoibiwa kweupe. Waya wa kawaida wa HDMI hauna HDCP ndani yake. Hauna chipu wala ufunguo. Anayekuuzia waya kwa bei ya juu eti kwa sababu ni wa HDCP 2.2 anakudanganya. Waya una sifa moja tu ya kuulizia, nayo ni kiasi cha data unachobeba bila kupoteza: gigabiti 10.2 kwa sekunde zinatosha 1080 na 4K ya fremu 30, gigabiti 18 zinahitajika kwa 4K ya fremu 60. Waya wa shaba wa mita moja na nusu au mbili unabeba hizo 18 bila shida. Ukivuka mita tano uwe mwangalifu, na kwa mita kumi na zaidi, kama wa kwenda kwenye projekta ukumbini, shaba ya bei nafuu itakuangusha. Hapo ndipo waya wa fiba unapostahili bei yake. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni waya mfupi wa kuazima kwa jirani. Kioo kikibaki cheusi na waya wa mita moja na nusu uliothibitika mzima kwa jirani, acha kununua waya.

Wenye TV za chogo nao wana shida yao. Wananunua kigeuzi kidogo cha HDMI kwenda waya za njano, nyekundu na nyeupe, wanachomeka boksi la filamu, menyu inaonekana, filamu haionekani. Masharti ya leseni ya HDCP yanakataza picha iliyofungwa isitolewe kama analojia, kwa sababu analojia haina mlango wa kupigia hodi. Kigeuzi kinachofuata masharti kitanyamaza. Hali ni hiyohiyo kwa vigeuzi vya HDMI kwenda VGA vinavyotumika kwenye projekta za zamani. Kwa king'amuzi, tazama nyuma yake: vingi bado vina tundu la AV la kwake mwenyewe, pengine dogo la mduara linalotaka waya wa pini moja yenye pete tatu. Tumia hilo. Picha haitakuwa kali, lakini chogo lenyewe halina uwezo wa ukali huo.

Kwenye baa na saluni, na kwenye nyumba za kupanga zinazogawana king'amuzi kimoja, kinachosumbua ni kigawanyo cha HDMI. Kigawanyo kinahesabika kama kifaa kamili chenye funguo zake, na kinawasilisha kwa king'amuzi orodha ya TV zote zilizo nyuma yake. King'amuzi kinafuata iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiwa na TV tatu za 2.2 na moja ya 1.4 chumbani kwa watoto, zote nne zinashuka, au zote nne zinakuwa nyeusi. Ukitaka kuijua yenye kosa, chomoa moja moja. Ile ambayo ikitoka zingine zinapona, ndiyo hiyo. Pia kuna ukomo: matoleo ya kwanza yanaruhusu vifaa 127 kwa ngazi saba, toleo 2.2 linaruhusu vifaa 32 kwa ngazi nne tu. Aliyeunganisha kigawanyo nyuma ya kigawanyo nyuma ya amplifaya anaukaribia ukomo huo bila kujua. Vipo sokoni vigawanyo vinavyovua kufuli kimyakimya. Vinavunja masharti ya leseni na sivipendekezi kwa mtu yeyote. Na mwenye baa akumbuke kwamba kuonyesha filamu kwa wateja ni suala la kibali na malipo ya biashara, ambalo halimalizwi na waya.

Kufuli la pili halipo kwenye waya kabisa, limo ndani ya boksi, simu au TV yenyewe. Linaitwa Widevine, ni la Google, na ndilo linaloamua huduma ya filamu ikupe picha ya kiwango gani. Ngazi L1 ina maana kwamba funguo na ufunguaji wa filamu vinafanyika kwenye sehemu ya siri ya chipu. Ngazi L3 inafanya kazi hiyo kwenye programu ya kawaida, na kwa hiyo haiaminiwi: mara nyingi unapewa mistari 480 tu. Sasa nenda uangalie TV boksi zinazouzwa kwa katoni zilizoandikwa 4K, hata 8K, kwa herufi za dhahabu. Nyingi ni L3. Chipu yake inaweza kweli kufungua faili la 4K kutoka kwenye flash, lakini filamu ya kulipia itakuja na mistari 480 kwenye kioo cha mistari 2160. Mteja anaona ukungu, analaumu bando, anaongeza bando. Netflix wanapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa 1080. Hata ukiwa na 100, L3 haitakuongezea mstari.

Kulitambua ni rahisi. Kuna aplikesheni ya bure iitwayo DRM Info; iweke kwenye boksi au simu, fungua sehemu ya Widevine, soma mstari wa Security Level. Ni kazi ya dakika mbili na inafanyika dukani kabla ya kulipa. Usikubali YouTube iwe ushahidi. Video nyingi za YouTube hazina kufuli, zitaonekana safi hata kwenye boksi ambalo filamu ya kulipia italikataa. Kwa simu, ikifunguliwa mfumo wake ili kuwekewa programu nyingine, mara nyingi inashuka kutoka L1 hadi L3, na anayeinunua mkononi hajui mpaka ajaribu filamu. Na wale wanaorusha kioo cha simu kwenye TV wakaona sauti ipo picha hakuna, aplikesheni ya filamu ndiyo inayokataza kioo kunakiliwa. Tumia alama ya Cast iliyo ndani ya aplikesheni yenyewe, kama ipo. Hapo simu inabaki kuwa rimoti, na TV inaichukua filamu moja kwa moja kutoka intaneti.

Kuna kosa dogo ambalo kwa mji wetu wa umeme wa kukatika linastahili aya yake. TV boksi nyingi za bei nafuu hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, tarehe yake imerudi nyuma miaka kadhaa, na itabaki huko mpaka boksi lipate saa kutoka intaneti. Vyeti vya usalama vya huduma za filamu vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Boksi likidhani bado ni mwaka 2015, linaviona vyeti vyote kuwa si halali, na filamu inakataa huku intaneti ikiwa nzima. Ingia kwenye mpangilio wa tarehe na saa, weka ijichukulie yenyewe kutoka kwenye mtandao, chagua saa za Dar es Salaam au Nairobi, zima na uwashe. Watu wametupa maboksi kwa ajili ya hili.

Umeme huohuo ukirudi unawasha vifaa vyote kwa pamoja, na hodi inapigwa kabla mwenye nyumba hajaamka. King'amuzi kinauliza, TV bado inajipanga, kinakata tamaa na kubaki hivyo. Zima vyote ukutani, si kwa rimoti, subiri dakika moja. Washa TV kwanza na uichague HDMI husika, kisha muziki kama upo katikati, mwisho king'amuzi. Mpangilio huo peke yake unaponya kioo cheusi mara nyingi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kwa mafundi wenzangu nina neno zito zaidi, kwa kuwa sisi tunaharibu TV nzima tukidhani tunaitengeneza. Funguo za HDCP na za Widevine zinakaa kwenye bodi kuu. Kwenye TV nyingine zimo ndani ya chipu kubwa, kwenye nyingine zimo kwenye kumbukumbu ndogo ya miguu minane, kwenye nyingine zimo kwenye eMMC, kumbukumbu kubwa ya TV, pamoja na programu. TV ikikwama kwenye nembo, fundi anashusha faili la programu la TV inayofanana nayo kutoka mtandaoni na kuliandika (kuliflashi) juu ya lile la zamani. TV inawaka, mteja anashangilia, analipa. Baada ya siku mbili anarudi: flash inaonyesha, YouTube inaonyesha, king'amuzi hakionyeshi. Funguo za TV yake zimefutwa, na zilizokuja na faili ni za TV ya mtu mwingine au hazipo kabisa. Funguo za kunakili zina hatari ya ziada. HDCP ina orodha ya funguo zilizofutwa, inayosafiri ndani ya diski na matangazo. Ufunguo mmoja ukionekana umesambaa unaweza kuingizwa humo, na TV zote zilizoubeba zikafungiwa.

Kabla ya kuandika chochote, soma kilichomo. Kwa chipu za familia ya 25, zile kumbukumbu ndogo za miguu minane, programa ya CH341A (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) inatosha, lakini tazama kwanza volti: chipu za 1.8 zinaungua kwenye programa ya 3.3 isiyokuwa na adapta. Soma mara mbili, linganisha mafaili mawili. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, safisha miguu na usome upya. Yahifadhi kwa namba ya TV, si kwa jina la mteja. Hapo hata programu ikiwa imeharibika, sehemu ya funguo unaweza kuirudisha kwenye TV ileile iliyotoka. Bodi za kubandika kila TV, zile tunazoziita yunivasali, mweleze mteja kabla hujaifunga kwamba nyingine hazina funguo za HDCP, na kwamba filamu alizorekodi kwenye flash kupitia TV hiyo hazitafunguka tena, kwa sababu zilifungwa kwa ufunguo wa bodi ya zamani. Ijaribu kwa king'amuzi chake mwenyewe, akiwa amesimama hapo.

Kabla ya kufungua TV, chomeka laptop. Picha ya mezani ya laptop haina kufuli. Ikionekana safi wakati filamu ya kulipia kwenye laptop hiyohiyo haionekani, shida ni hodi, si kioo wala taa za nyuma. Halafu pima tundu. Pini 18 inatakiwa kuleta karibu volti 5 kutoka kwenye king'amuzi, na pini 19 iwe juu ya volti 2 TV ikiwa imechomekwa. Pini 15 na 16 ndizo zinazobeba hodi yenyewe. Hizi ndizo zinazokufa kwanza mtu anapochomeka HDMI vifaa vikiwa vinawaka, hasa kwenye nyumba isiyo na eathi ambako dishi na TV viko kwenye volti tofauti. Kwa nyumba za Kigamboni, Msasani na Kunduchi, upepo wa chumvi unaweka kutu ya kijani kwenye pini hizo nyembamba. Tochi na lensi zinaionyesha. Brashi laini na spiriti safi ya asilimia 99, umeme ukiwa umezimwa, acha pakauke dakika kumi. Usitumie wembe, pini 19 zimepangwa kwenye nafasi isiyofika milimita 15 na moja ikipinda inagusa jirani yake.

DVD nitazipitia upesi kwa kuwa zinapungua. Diski hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia: Tanzania imepangwa kanda ya 5, Uingereza na Ghuba kanda ya 2, Marekani kanda ya 1, na diski halali uliyotumiwa na ndugu kutoka London inaweza kukataa kwenye deki ya hapa. Kwenye kompyuta kanda inabadilishwa mara tano tu, ya mwisho ndiyo inabaki milele, kwa hiyo usijaribujaribu. Blu-ray zina nafuu: Afrika na sehemu kubwa ya Ulaya ni kanda moja, B. Ultra HD Blu-ray hazina kanda.

Ndugu Mhariri, siandiki kutetea wizi wa kazi za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo kwa sababu nzuri, na watengenezaji wa filamu wetu wanaumia kila kazi yao inapojazwa kwenye flash mitaani kabla haijawarudishia gharama. Lakini nataka wanaohusika wakubali ukweli huu: kwenye flash ile hakuna hodi. Filamu iliyoibwa imekwishavuliwa makufuli yote, inaonekana kwenye TV yoyote, chogo au 4K, umeme ukatike urudi. Ufunguo mkuu wa matoleo ya kwanza ya HDCP ulivuja mwaka 2010 na Intel wenyewe wakakiri kwamba ni wa kweli. Anayekutana na kioo cheusi leo ni yule aliyelipa. Tukimwacha peke yake na kioo hicho, bila maelezo, tunamsukuma mwenyewe kwenye meza ya flash. Hili linaniuma, kwa sababu wengi wao walianza kwa nia ya kulipa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kampuni za ving'amuzi na za filamu ziandike sababu kwenye kioo kwa Kiswahili: kwamba TV hii, au kifaa kilicho katikati, kina toleo la zamani la kufuli, jaribu tundu jingine. Kioo cheusi kitupu au namba ya kosa isiyo na maana haimsaidii mama wa Tandika. Shirika la Viwango na Mamlaka ya Mawasiliano zitake matoleo haya yaandikwe kwenye katoni ya kila TV na kila boksi linaloingia, na Tume ya Ushindani iwatazame wanaoandika 4K kwenye boksi la L3 na wanaouza waya wa kawaida kwa jina la HDCP.

La tatu ni la wenye maduka, na hawahitaji kusubiri mtu. Mteja aje na king'amuzi chake au boksi lake, lichomekwe kwenye kila tundu, ifunguliwe filamu ya kulipia na si menyu, isubiriwe dakika tano bila kukatika. Halafu risiti iandikwe hivi: HDMI 1 ni HDCP 2.2; HDMI 2 na 3 ni HDCP 1.4; Widevine L1; imejaribiwa kwa king'amuzi cha mteja. Maneno hayo yanaenea kwenye mistari miwili ya kitabu cha risiti.

Fundi wa televisheni na ving'amuzi,
Kariakoo, Dar es Salaam